Mradi wa uzamili wa kutambua mahali ndani ya jengo kwa simu: mwongozo kamili kwa anayefanyia utafiti Tanga

Mada ya kutambua mahali ndani ya jengo kwa kutumia simu huwavuta wanafunzi wengi wa kompyuta kwa sababu kuianza ni rahisi. Simu unayo, ruta za Wi-Fi zipo, zana za Python ni za bure. Baada ya muda mfupi una jedwali, na jedwali linasema mfumo wako unapatia kwa asilimia 98. Siku ya utetezi mtahini anauliza swali moja tu, "Data ya kujaribia uliikusanya siku gani?", na tasnifu inaanza kuvuja kama dau bovu.

Mwongozo huu unakusudia kukufikisha mbele ya mtahini huyo ukiwa na jibu. Nimemfikiria mwanafunzi anayekusanya data Tanga mjini, mwenye simu mbili tatu za kuazima na fedha kidogo. Msimamo wangu nautanguliza: katika kazi hii algoriti ndiyo sehemu ndogo. Kinachoamua ni namna ulivyokusanya data na namna ulivyoipima.

Sababu ya mada yenyewe kuwapo ni fupi. Satelaiti za GPS ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, na mawimbi yake yakifika ardhini yamebaki dhaifu mno, karibu dBm -130 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi; namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, mawimbi ni dhaifu zaidi). Ukuta mnene wa mawe huyazima. Yanayopenya huingia kwa madirishani yakiwa yameshagonga hapa na pale, na simu inakuweka barabara ya pili. Kwa hiyo ndani ya jengo tunatafuta mawimbi mengine, hasa ya Wi-Fi: unapima nguvu zake kwenye alama unazojua zilipo, kisha usomaji wa simu ya mtumiaji unaulinganisha na vipimo hivyo.

Hatua ya kwanza: jengo na swali vichaguliwe pamoja

Kosa la kawaida ni kuandika pendekezo la utafiti lenye kichwa cha "kubuni mfumo wa kutambua mahali ndani ya majengo", kisha kutafuta jengo lolote. Mifumo ya aina hiyo ipo tangu mwaka 2000, pale Bahl na Padmanabhan wa Microsoft Research walipochapisha RADAR, iliyotumia nguvu ya mawimbi ya Wi-Fi na kupata kosa la kati la mita mbili hadi tatu. Ukirudia hilo bila swali jipya umefanya zoezi la darasani. Swali jipya utalipata kwenye jengo lenyewe.

Tanga ina majengo yenye maswali. Chukua majengo ya kale ya mawe ya matumbawe na chokaa, kama lile boma la Wajerumani lenye makumbusho ya Urithi. Kuta zake nene zinaua mawimbi ya Wi-Fi, na mwanafunzi wa kwanza kufika atalalamika. Lakini hebu fikiri. Ukuta unaoua mawimbi ndio unaofanya chumba kimoja kisifanane na cha pili. Katika ofisi ya kisasa yenye vigawa-chumba vya mbao laini, mawimbi yanapita na vyumba jirani vinasomeka karibu sawa. Kwenye jengo la matumbawe mawimbi yanashuka ghafla ukivuka kizingiti. Kwa hiyo unaweza kuuliza: je, ukuta mnene unapandisha usahihi wa kutambua chumba huku ukishusha usahihi wa mita ndani ya chumba? Hapo una swali linalopimika, tena la hapa hapa.

Hospitali, kwa mfano ya rufaa ya Bombo, ina swali jingine: wagonjwa na ndugu zao wanapotea kati ya majengo. Ni swali zuri, ila utafiti unaogusa wagonjwa hupita kwenye kibali cha maadili ya tiba, na muda wa uzamili ni mfupi. Kama lazima uende hospitali, pima jengo na korido tu, wagonjwa uwaache. Soko la Mgandini lina watu wengi na paa la bati, lakini pande zake ziko wazi kiasi kwamba GPS bado inaonja kidogo, basi swali lako libadilike liwe la mpaka kati ya nje na ndani.

Kila mwaka kuna anayetaka Mapango ya Amboni. Namwelewa, jina linavutia. Ndani ya pango la chokaa hakuna Wi-Fi, hakuna umeme, na kila kifaa utakachoweka ukibebe mwenyewe na ukilinde na unyevu. Huo ni mradi wa uzamivu.

Hatua ya pili: barua kabla ya simu

Anza mapema. Kwa kawaida chuo kinakupa barua ya utambulisho kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Kutoka hapo inateremka wilayani au kwa Mkurugenzi wa Jiji, halafu kwenye taasisi yenye jengo. Mtafiti asiye raia anahitaji pia kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Tembea na nakala kadhaa, maana kila meza inabaki na yake.

Usidhani barua ikishafika kwa mkubwa mlinzi ameiona. Mtu anayetembea ndani ya jengo la serikali, anasimama kila baada ya mita mbili, anaitazama simu, anaandika, anasogea tena, anatia shaka hata kwa mtu mwema.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo unayopiga ni picha?"

"Hapana mzee, napima nguvu ya Wi-Fi. Barua hii hapa, na kamera nimeifunika."

Kipande cha karatasi ya gundi juu ya kamera kinamaliza mazungumzo haraka kuliko maelezo ya mawimbi.

Suala la taarifa binafsi liingie kwenye pendekezo tangu mwanzo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Simu yako inaposkani Wi-Fi inanasa pia hotispoti za watu, na watu wetu huzipa hotispoti majina yao kamili au namba za simu. Hiyo ni taarifa ya mtu. Programu yako isihifadhi kabisa jina la mtandao. Anwani ya kifaa (MAC, namba ya utambulisho ambayo kila ruta huitangaza) nayo ibadilishwe kuwa msimbo wa siri kabla haijaandikwa kwenye faili.

Hatua ya tatu: ramani

Chora ramani ya sakafu mwenyewe hata kama umepewa ya zamani. Chagua kona moja ya nje iwe sifuri, mhimili mmoja ufuate ukuta mrefu, na vipimo vyote viwe kwa mita kutoka hapo. Tepu ya fundi inatosha; mita ya leza inaokoa muda.

Katika majengo ya kale kuna mitego miwili. Kwanza, vyumba si mraba kamili, kwa hiyo pima na ulalo wa kona kwa kona. Pili, mtu hupima ndani ya chumba, kisha anajumlisha vyumba vinne na kusahau unene wa kuta. Kama kila ukuta una nusu mita na zaidi, ukifika chumba cha mwisho ramani yako imehama mita moja na nusu, na kosa hilo litahesabiwa kuwa la algoriti. Ramani ukiichora kwenye QGIS, programu ya ramani ambayo ni ya bure, itakusaidia baadaye kuweka matokeo juu yake.

Weka alama sakafuni kwa gundi ya karatasi yenye namba. Chaki inafutwa na deki ya asubuhi. Umbali wa mita mbili kati ya alama unatosha; ukibana zaidi unaongeza kazi bila kuongeza taarifa, kwa sababu usomaji wa Wi-Fi unatikisika wenyewe kwa desibeli kadhaa ukiwa umesimama pale pale.

Hatua ya nne: mawimbi gani?

Wi-Fi ya kawaida ndiyo ya kuanzia, kwa sababu ruta zipo tayari. Kabla ya kuamua, pita jengo zima na programu ya bure ya kuonyesha mitandao, uhesabu ni ruta ngapi zinasikika kila chumba. Zikiwa chini ya tatu katika sehemu kubwa ya jengo, utahitaji kuongeza zako.

Njia ya kupima muda wa mawimbi kwenda na kurudi, inayojulikana kwa kiwango cha IEEE 802.11mc, inafika kosa la mita moja au mbili, na Android inaiunga mkono tangu toleo la 9 la mwaka 2018. Lakini lazima ruta na simu vyote viwe na uwezo huo, na simu nyingi za bei nafuu hazina. Itaje kwenye mapitio ya maandiko, kisha eleza kwa nini huitumii.

Bikoni za Bluetooth, vifaa vidogo vinavyojitangaza hewani kila mara, ni njia nzuri ya kujazia. Apple ilileta iBeacon mwaka 2013, na leo unaweza kutengeneza bikoni kwa kibao kidogo cha saketi kiitwacho ESP32. Bikoni hutangaza kwenye chaneli tatu, za MHz 2402, 2426 na 2480, kila moja ikiwa na tabia yake ya kugonga kuta, na Android haikuambii ni chaneli ipi imesikika. Ndiyo maana namba zinarukaruka hata bikoni na simu vikiwa vimetulia mezani. Chukua mediani (thamani ya katikati) ya sekunde kadhaa, usichukue usomaji mmoja. Tena, pawabenki nyingi hujizima zikiona kifaa kinakula umeme kidogo mno, na ESP32 inakula kidogo. Utaondoka jioni bikoni zinawaka, asubuhi zote kimya. Jaribu pawabenki usiku kucha nyumbani kabla ya kwenda nayo. Na kwa jengo lililo karibu na bahari, funga bikoni kwenye mfuko wa plastiki; chumvi ya hewani inakula miguu ya betri.

Uga wa sumaku nao una wafuasi. Uga wa dunia uko kati ya mikrotesla 25 na 65 kutegemea ulipo, na vyuma vya jengo huupindisha kiasi cha kuacha saini ya kila korido. Hapo ndipo jengo la kale linapokosa: nondo nyingi ziko kwenye zege la kisasa, si kwenye ukuta wa matumbawe wenye boriti za mikoko. Majengo kadhaa ya enzi ya Mjerumani yana mihimili ya chuma darini, basi tembea na magnetometa ya simu korido moja kabla ya kuiandikia sura nzima.

Barometa ya simu, inayopima kanieneo ya hewa, ya kujua ghorofa inafanya kazi Ulaya kwenye karatasi nyingi utakazosoma. Hapa kwetu kuna jambo. Ukipanda mita moja kanieneo inashuka kwa hektopaskali 0.12 hivi, kwa hiyo ghorofa ya mita nne ni kama 0.5. Sasa, katika nchi za joto kanieneo yenyewe hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kila siku, kileleni karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, bondeni karibu saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Tofauti ya kilele na bonde ni hektopaskali 2 au zaidi. Maana yake ni kwamba mtu aliyekaa sakafu ya chini kutoka saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, barometa itadai amepanda ghorofa nne. Dawa yake ni kuweka simu ya pili sehemu moja isiyohama, ukokotoe tofauti ya simu mbili, uachane na namba ghafi.

Hatua ya tano: simu

Tumia Android. Kwenye iPhone programu ya kawaida hairuhusiwi kupata orodha ya ruta zote zinazosikika pamoja na nguvu zake, na hapo mjadala umekwisha.

Android nayo ina kizuizi chake. Tangu toleo la 9, programu iliyo wazi kwenye kioo inaruhusiwa kuskani Wi-Fi mara 4 tu ndani ya dakika 2. Ukitaka skani 20 kwa kila alama, hiyo ni dakika 10 kwa alama moja, na jengo lenye alama 60 linakula saa 10 za kusimama. Kuanzia Android 10 kizuizi hiki kinazimwa kwenye chaguo za wasanidi programu. Kizime, andika kwenye tasnifu kwamba ulikizima, na ukiri kuwa mtumiaji wa kawaida hatakizima. Hili la mwisho wanafunzi hulikwepa, na ni hapo mtahini mzuri anapoingilia. Njia ya haki ni kuripoti matokeo mara mbili: skani zote, na skani chache kama mtumiaji wa kawaida angezipata.

Programu itahitaji ruhusa ya mahali halisi, na swichi ya mahali iwe imewashwa, vinginevyo orodha inarudi tupu bila maelezo. Hakikisha pia kila skani ina muhuri wa muda wake. Simu hupenda kukurudishia matokeo ya skani iliyopita kana kwamba ni mapya, na ukiyapokea unajaza faili kwa nakala.

Tafuta angalau simu mbili za modeli tofauti. Simu ya tatu usiiguse hadi siku ya kujaribu.

Hatua ya sita: kukusanya data

Hapa ndipo tasnifu inapopatikana au kupotea, basi nitakaa kidogo.

Mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa, na maji hunyonya mawimbi ya GHz 2.4. Ukisimama mgongo wako ukiwa kati ya simu na ruta, namba inashuka. Kwa hiyo katika kila alama pima ukitazama pande nne. Shika simu kifuani kwa urefu ule ule, ila ujue kwamba hakuna mtu anayetembea hivyo. Watu wa Tanga wanaweka simu mfuko wa kanzu, ndani ya pochi, kwenye fundo la kanga. Angalau duru moja ya majaribio ifanywe na simu ikiwa mahali inapokaa kweli.

Weka daftari la hali. Kwa kila duru andika saa, milango iko wazi au imefungwa, watu wako wangapi chumbani kwa kukadiria, mvua ipo au haipo, umeme upo au umekatika. Milango minene ya mbao ya majengo haya si kitu kidogo kwa mawimbi. Chumba kimoja chenye mlango wazi na kilekile kikiwa kimefungwa vinaweza kusomeka kama vyumba viwili. Unyevu wa hewani peke yake hausumbui kwa umbali wa ndani ya nyumba, lakini jiwe la matumbawe lina vitundu na hunywa maji, na ukuta uliolowa masika hauzuii mawimbi sawa na ukuta uliokauka kaskazi. Kama ratiba inaruhusu, kusanya katika vipindi vyote viwili. Hakuna chuo cha Ulaya kitakachokupa data hiyo.

Umeme ukikatika, ruta zinakufa, na mfumo wako unakuwa kipofu. Usiufiche ukweli huo. Andika saa ya kukatika na ya kurudi, kisha endelea kukusanya, kwa sababu zitakazobaki hewani ni ruta zenye betri na hotispoti za watu, na kujua mfumo unafanya nini katika hali hiyo ni matokeo. Ruta ikiwaka tena inaweza kuchagua chaneli nyingine, na namba zake zikasogea kidogo.

Muhimu kuliko vyote: rudi siku nyingine. Data ya mafunzo (ya kuufundisha mfumo) na data ya majaribio (ya kuupima) zitoke siku tofauti, ikiwezekana wiki tofauti, simu tofauti na mtu tofauti. Njia wanayopitia wengi ni kukusanya kila kitu mchana mmoja, kuchanganya mistari yote, na kuitenga bila mpangilio asilimia 80 kwa 20. Tazama kinachotokea. Skani namba 7 ya alama ya 12 imeingia kwenye mafunzo, skani namba 8 ya alama hiyo hiyo, iliyochukuliwa sekunde tatu baadaye, imeingia kwenye majaribio. Mfumo haujajifunza jengo. Umekariri mchana ule. Asilimia 98 inazaliwa hapo.

Hatua ya saba: kusafisha

Hotispoti za simu zinahama na wenyewe, kwa hiyo hazifai kuwa alama ya mahali. Nyingi zinajulikana kwa anwani za kubuni: herufi ya pili ya anwani ikiwa 2, 6, A au E, anwani hiyo haikutoka kiwandani. Usizifute zote kwa kanuni hiyo peke yake, maana baadhi ya ruta halali zenye mitandao kadhaa nazo hutumia anwani za namna hiyo. Kichujio cha uhakika ni cha siku: ruta isiyoonekana katika siku mbili tofauti haibaki. Kwa sababu anwani umeshaificha kwa msimbo, herufi hiyo ya pili ikaguliwe ndani ya simu kabla ya kuficha.

Ruta isiyosikika ipewe namba ya chini kuliko zote, kwa mfano -100. Ukizoeza msimbo wako kwa data ya wazi ya UJIIndoorLoc kutoka chuo kikuu cha Jaume I cha Hispania, yenye majengo matatu na ruta 520, angalia kwamba wao walitumia +100 kwa "haikusikika". Usipoibadilisha, ruta isiyosikika inakuwa ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na hakuna onyo litakalotokea.

Hatua ya nane: algoriti, kwa mfano wa mkono

Anza na majirani wa karibu, yaani alama ambazo usomaji wake unafanana zaidi na wa mtumiaji. Fanya hesabu moja kwa mkono na uitie kwenye tasnifu. Itakusaidia wewe kuliko msomaji. Tuseme korido ina alama tatu, kwenye mita 0, 3 na 6, na ruta tatu. Alama ya kwanza inasoma -48, -70, -81. Ya pili -57, -63, -76. Ya tatu -66, -55, -72. Mtumiaji amesimama mahali, simu yake inasoma -55, -64, -79.

Toa, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Umbali kwenda alama ya kwanza unakuwa 9.4, ya pili 3.7, ya tatu 15.8. Ukichukua majirani wawili na kuwapa uzito wa kinyume cha umbali, jibu linatoka mita 2.1.

Sasa mpe mtu mwingine simu yenye antena dhaifu, inayosoma desibeli 8 chini kwa kila ruta: -63, -72, -87. Umbali unakuwa 16.3, 15.4 na 22.9. Alama ya kwanza na ya pili zimekaribia kulingana, na jibu linahamia mita 1.5. Mtu hajasogea, ni simu tu. Badala ya namba ghafi, tumia tofauti: ruta ya pili toa ya kwanza, ya tatu toa ya kwanza. Simu zote mbili zinatoa -9 na -24, na zote zinajibu mita 2.2. Simu halisi hazitofautiani kwa namba moja iliyonyooka namna hii, na ukipoteza ruta unayotolea umeharibu kila kitu. Hata hivyo umeona tatizo na dawa yake kwenye nusu ukurasa.

Baada ya hapo weka msitu wa nasibu (random forest), au mtandao wa neva kama msimamizi anaupenda. Sijakataza. Lakini kila algoriti ishindane na kigezo cha kijinga: "mtu yuko kwenye chumba chenye ruta inayosikika kwa nguvu kuliko zote." Kwenye jengo la kuta nene kigezo hicho ni kigumu kushinda kuliko unavyodhani, na ukikishinda kidogo tu, sema hivyo.

Kuhesabu hatua kwa akselerometa, kihisi cha mtikisiko kilicho ndani ya simu, ni nyongeza ya hiari. Simu ikirekodi mara 50 kwa sekunde, hatua za mtu anayetembea zinaonekana wazi, karibu mbili kwa sekunde. Shida ni mwelekeo: simu nyingi za bei nafuu hazina jairoskopu (kihisi cha kugeuka), na dira hupotoshwa na chuma. Kama huna jairoskopu, ruka sehemu hii bila aibu, uwekeze muda kwenye duru nyingine ya data.

Hatua ya tisa: kupima na kuripoti

Wastani peke yake unaficha. Toa mediani, asilimia ya 75 (kosa ambalo robo tatu ya majaribio hayalizidi) na asilimia ya 95, na mchoro wa mgawanyo wa makosa. Mashindano ya IPIN, mkutano wa kimataifa wa watafiti wa mada hii, hutumia asilimia ya 75, tena huongeza adhabu ya mita 15 kwa kila ghorofa iliyokosewa. Ukifuata utaratibu huo matokeo yako yanalinganishika na ya wengine. Kuna pia kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 18305 cha mwaka 2016, kinachoeleza namna ya kupima mifumo hii. Kitaje kwenye sura ya mbinu na uonyeshe ni vipengele gani umevifuata.

Ripoti chumba na mita kando kando. Kosa la mita mbili ndani ya ukumbi halimsumbui mgeni wa makumbusho. Kosa la nusu mita linalomvusha ukuta linamsomea maelezo ya chumba kingine.

Kisha jedwali lenye mistari minne ambalo ningependa kuliona katika kila tasnifu ya mada hii: siku ile ile na simu ile ile; siku tofauti, simu ile ile; siku tofauti, simu tofauti; siku tofauti, simu tofauti, nusu ya ruta zikiwa zimefutwa kwa makusudi kuigiza kukatika kwa umeme. Mstari wa kwanza utakuwa mzuri sana na wa nne utatia huruma. Usiuondoe. Mteremko kati ya mistari hiyo ndio mchango wako, na msomaji wa Pangani au Lindi mwenye jengo kama lako ataanzia hapo.

Kuhusu kuandika, mbinu iandike ukiwa bado unakusanya, daftari likiwa mkononi, maana miezi miwili baadaye hutakumbuka mlango upi ulikuwa wazi. Msimbo na data iliyofichwa utambulisho viwekwe mahali pa wazi pamoja na ramani, kama kibali kinaruhusu. Kwa taasisi iliyokupokea usipeleke tasnifu ya kurasa mia. Peleka ukurasa mmoja wa ramani unaoonyesha vyumba ambavyo Wi-Fi yao haifiki. Hiyo wataibandika ukutani, na mwanafunzi atakayekuja baada yako atapokelewa vizuri zaidi. Gundi za sakafuni zibandue zote kabla ya kuondoka.